Siku Padiri Alipotolewa Mahari

Enzi zetu pale Kasenga, mtaani kwetu Uvira, pikipiki haikuwa kitu cha kupita tu barabarani. Ilikuwa kama mtu wa nyumbani. Kwanza, sisi watu wa Uvira hatusemi pikipiki. Kwetu ni moto, na anayeshangaa kwamba tunapanda moto kila siku bila kuungua, huyo hajafika kwetu. Siku hizi moto ni nyingi kuliko mbuzi, na vijana wanapiga honi hata pale ambapo hakuna wa kumpigia. Tulipokuwa wadogo, mtaa wetu ulikuwa na moto moja tu. Ilikuwa ya baba yangu, na ilikuwa na jina. Iliitwa Padiri.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alimnunua Padiri kwa mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na hata wakati huo tayari alikuwa mzee: tangi jekundu lililobabuka, taa moja kubwa ya mviringo, kiti kilichoshonwa na kushonwa tena. Mama hakulipenda jina hilo, alisema tunamfanyia Mungu utani. Lakini hata yeye, mwiko ukiwa katikati ya ugali, akisikia ule mngurumo unapanda kutoka barabara kubwa, alikuwa anasema, "Padiri amefika, mutandike meza."

Nasi tulikuwa tumeshausikia kabla yake. Tukitoka shule tulikuwa tunatupa mifuko chini na kukimbilia mtoni Kalimabenge kuoga, au ufukweni mwa ziwa ambako akina mama walianika ndagala, dagaa wetu, kwenye mchanga, tukiiba wachache na kuwatafuna na chumvi yao. Jioni tuliruka kamba tuliyoikata kwenye mpira wa gurudumu bovu, ile inayokuchapa mguuni ukikosea hadi unaona nyota. Harufu ya sombe, kisamvu chetu, ilikuwa inatoka kila jikoni. Halafu Padiri anasikika, na michezo yote inakufa. Kila mtoto wa mwalimu anatafuta daftari lake. Watoto wa leo wanajua mzazi amerudi pale tu simu inaponyang'anywa mkononi.

Padiri alikuwa na ugonjwa mmoja, alivuja mbele. Wasiojua moto niwaeleze kidogo. Gurudumu la mbele linashikwa na miguu miwili ya chuma. Kila mguu ni bomba linaloingia ndani ya bomba jingine, na humo ndani kuna springi na mafuta. Ukipita shimo, mguu unazama na kuinuka taratibu kwa sababu ya yale mafuta. Kinachoyazuia yasitoke ni mviringo mdogo wa mpira pale mdomoni mwa bomba. Mpira huo ukichoka, mafuta yanapenya, yanateremka hadi kwenye gurudumu na breki, na ukienda kushika breki hukuti kitu. Baba alikuwa na kitambaa cha kufutia miguu ya Padiri kila asubuhi, kabla ya kunawa uso wake mwenyewe.

Sasa ule mpira, wenye Kifaransa wanauandika joint. Neno hilo lilipofika katika midomo yetu likawa juwe. Kati ya juwe na jiwe mnaona wenyewe nafasi iliyopo, na kwa nafasi hiyo ndogo baba yangu mdogo nusura akose mke.

Baba mdogo Safari alikuwa mdogo wake baba wa kumfuata. Baba ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alimsomesha, na sasa ilikuwa zamu ya kumwoza. Safari alikuwa amempenda Zawadi, binti wa Katogota, kule kwenye tambarare ya Ruzizi. Alimpenda hadi akawa anasahau kula, jambo ambalo kwake lilikuwa la kutisha. Baba yake Zawadi, Mzee Sebastiano, alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Habari zake zilijulikana tambarare nzima. Mchumba wa kwanza wa Zawadi alileta mbuzi anayechechemea katika mahari, akasema mnyama amechoshwa na njia. Mzee alimrudisha na mbuzi wake siku hiyohiyo, na akamwambia asikanyage tena kwake.

Mzee huyo alimwona Padiri siku baba alipompakia Safari kwenda kujitambulisha. Ujumbe wa mahari ulipokuja, ng'ombe walikuwepo, mbuzi walikuwepo, blanketi la mama wa binti lilikuwepo, na mwishoni: ile moto nyekundu.

Safari aliangalia miguu yake. Mama aliangalia mlango. Baba alitoka nje, akachukua kile kitambaa, akamfuta Padiri kuanzia taa mpaka bomba la moshi, ingawa alikuwa ameshamfuta asubuhi. Aliporudi alisema, "Mutoto wa mama yangu hatakosa bibi juu ya chuma." Basi ikawa imekwisha. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu nilikuwa na mpango wa kuolewa siku moja nikiwa nimepanda Padiri.

Lakini Padiri hakuweza kwenda Katogota akiwa anavuja. Kila mtu alikuwa anamfikiria yule mbuzi. Kwa hiyo baba alikwenda mahali malori yanapopakia, akampa dereva mmoja tuliyemfahamu ujumbe wa kumfikishia mjomba Bahati, kaka yake mama, aliyekaa Luvungi na kufanya biashara Bukavu. Simu hatukuwa nazo. Ujumbe ulikuwa mfupi: mwambie shemeji anitafutie juwe mbili za moto, ni za mahari, zifike mbele ya Jumamosi.

Tukangoja. Wiki ile baba alifundisha huku anasikiliza malori. Siku ya Alhamisi jioni lile lori likasimama mbele ya nyumba, na dereva akashuka amebeba gunia begani, shingo imevimba kwa uzito.

"Mwalimu, njo bintu byenu," akasema, akalitua gunia chini. Lilitoa mlio ambao mpira hautoi.

Baba alifungua. Ndani kulikuwa na mawe matatu ya mtoni, ya mviringo, mazuri kabisa, yameoshwa na kufungwa moja moja katika majani ya ndizi ili yasigongane.

"Hii ni nini?"

"Iko jiwe za moto, mwalimu. Uliomba jiwe za moto. Bahati anasema muliomba mbili, lakini sufuria haikai juu ya jiwe mbili, basi ameongeza ya tatu. Anasema bibi-arusi apike bila shida."

"Minye niliomba juwe!"

"Njo hizo," dereva akajibu kwa upole, akimwonyesha.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kitenge kikamlegea, nasi watoto tukacheka kwa sababu mama anacheka. Kumbe mjomba alidhani watu wa mjini wameanzisha desturi mpya ya kumpelekea bibi-arusi mafiga, na hakutaka sisi tuaibike kwa kupeleka mawili. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na jiwe mkononi, anamtazama Padiri, na chini ya mguu wa kushoto wa Padiri kulikuwa na doa jeusi mchangani. Safari alipoliona hilo doa naye akaacha kucheka. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na kwenda Bukavu na kurudi kwa barabara ile haikuwezekana.

Ijumaa baba aliomba ruhusa shuleni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata alipokuwa na malaria. Alimwegemeza Padiri juu ya kreti ya bia, akatoa gurudumu la mbele, akaanza kuichomoa miguu.

Safari alichuchumaa karibu na kaka yake mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya. "Yaya, sikiya. Tuimwange tu mafuta yote. Mugulu bila mafuta itavuja nini?"

Na kweli, mguu mtupu hauvuji. Ungeweza kuufuta, ukang'aa, na hakuna mtu Katogota ambaye angejua. Baba hakuinua kichwa.

"Na mukwe akipanda? Akiingia mu shimo, usukani utamupiga mu kifua. Unataka uoe binti, kisha umuzike baba yake?"

Nilimwona Safari anayatazama yale mafuta kwa hamu.

Mafuta yalipomiminwa yalikuwa meusi na yananuka samaki aliyeoza. Baba aliyashika yale mabomba ya ndani na kuyageuza kwenye jua. Yalikuwa yameliwa na kutu, vishimo vidogo kama vya ndui, na kila mguu ulipozama vishimo hivyo viliutafuna mpira. Alivisugua na msasa laini kwa muda mrefu. Halafu alinyanyuka, akaenda kwa mama, akamwambia kitu huku anatazama pembeni.

Mama alikuwa na kichupa kimoja cha rangi ya kucha, nyekundu, ya Krismasi na Pasaka.

"Baba Faida," mama akasema, maana Faida ni mimi, mtoto wa kwanza, "unataka kumupaka Padiri rangi ya kucha?"

"Mu vishimo tu."

Mama alileta kichupa, na hakumpa. Alipaka mwenyewe, kwa ile burashi yake ndogo, kishimo kwa kishimo, ulimi ukiwa umetoka nje kidogo. Ikakauka juani. Baba akasugua tena hadi kidole kikawa kinateleza bila kuhisi kitu. Vishimo vilikuwa vimejaa, bomba limekuwa laini, lina madoadoa mekundu.

Ikabaki mipira yenyewe. Ile ya zamani ilikuwa imelegea, na mipya ilikuwa imegeuka mafiga. Kila mpira unafungwa na kispringi chembamba kama uzi, kinachoubana ushike bomba. Baba alitaka kukikata kispringi kidogo na kukiunganisha tena, kipungue, kibane zaidi. Akikata sana, kitakatika chote, na hakuna kingine. Sote tulisimama tukamzunguka. Cha kwanza kilikubali. Cha pili, alipokuwa anaunganisha ncha zake, kiliruka.

Tulikiona kinamulika juani, halafu hatukukiona tena.

"Musikanyage!" baba akapiga kelele. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia anapiga kelele hivyo, na darasani kwake kulikuwa na watoto wengi. Tukasimama kila mtu pale mguu wake ulipokuwa. Tukashuka taratibu, tukaanza kutambaa uwanjani, baba, mama, Safari, sisi watoto, tukipekua mchanga na vidole. Ndipo kuku wa mama akaja. Kuku anapenda vitu vinavyong'aa. Alisimama, akakiinamisha kichwa upande, akadonoa.

Safari alimrukia yule kuku akamkamata mabawa. "Amekula! Yaya, amekula! Leta kisu!"

"Usiuwe kuku yangu," mama akasema. "Umuache kwanza."

"Mama Faida, iko bibi yangu ndani ya iyi kuku!"

Kisu kilikuwa kimeshafika mkononi mwake. Mama ndiye aliyemwokoa kuku. Alipoinuka kumnyang'anya, kitu kikang'aa kwenye pindo la kitenge chake. Kispringi kilikuwa kimenasa pale, kimejikunja, kizima. Baba alikichukua kwa kucha mbili, akakaa chini mbali na kuku. Halafu akamaliza. Mafuta mapya aliyapima kwa chupa ya kunyonyea ya mdogo wangu, kwa sababu ina mistari, ili miguu yote miwili inywe sawasawa. Jioni Padiri alikuwa amesimama tena, na chini yake mchanga ulikuwa mkavu. Hakuna aliyethubutu kusifu.

Jumamosi tuliondoka asubuhi. Baba na Safari walitangulia na Padiri, suti zao zimefunikwa na makoti zisishike vumbi. Sisi tulikuwa nyuma kwenye lori la yule dereva wetu, na shangazi zangu, na vikapu, na mafiga ya mjomba, kwa sababu mama alisema zawadi haitupwi. Baba alienda mwendo wa bata. Kila shimo alilikwepa, na barabara ile ilikuwa na mashimo mengi kuliko barabara yenyewe. Dereva alikuwa anachungulia dirishani na kulalamika, "Mwalimu, hata ng'ombe banatupita!"

Tulipofika Sange baba alisimama. Akainama, akapitisha kidole kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akakiinua kidole juu tukione. Kikavu. Shangazi zangu wakapiga vigelegele hadi watu wa sokoni wakadhani bibi-arusi yuko ndani ya lori. Luvungi tulimpakia mjomba Bahati, aliyekuwa amevaa vizuri na kujivunia mawe yake, na mama akamshukuru kwa uso mkavu kabisa. Pale pia baba aliinama na kupitisha kidole. Mara hii hakukiinua. Alikifuta kwenye soksi yake, akapanda, akaendelea. Mama aliona. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka Katogota.

Uwanja wa Mzee Sebastiano ulikuwa umefagiwa, viti vimepangwa pande mbili, sisi huku na wao kule. Padiri alisimamishwa katikati kama mshtakiwa. Maneno ya kusalimiana yalikwenda vizuri. Ng'ombe, waliotangulia kwa miguu pamoja na mbuzi, walikubaliwa. Mbuzi waliangaliwa miguu mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka. Kisha ndugu mmoja wa Mzee, aliyewahi kuendesha moto, akanyanyuka. Akazunguka. Akapiga gurudumu teke. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaukandamiza kwa uzito wake wote, mara nyingi, Padiri akizama na kuinuka. Mimi nilikuwa sipumui. Yule mtu alichuchumaa, akatazama miguu, akasimama akipangusa magoti.

"Iko mukavu," akasema.

Safari akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Alhamisi. Ningependa habari iishie hapo. Lakini Mzee Sebastiano, ambaye hadi wakati ule alikuwa hajasema neno, akamgeukia baba yangu.

"Mwalimu. Minye sijuwe mambo ya moto. Unielezee weye mwenyewe. Iyi moto iko na ubaya gani?"

Mbele ya watu wote aliuliza. Nyuma ya pazia la mlango niliona macho ya Zawadi. Niliona Safari anatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Baba angeweza kusema haina ubaya, na mtu wa upande wao wenyewe ameshashuhudia. Alisimama, akakunja mikono nyuma kama anavyosimama darasani.

"Ilikuwa inavuja mbele, mukwe. Nimeitengeneza na mikono yangu, lakini sikupata juwe mupya. Itavuja tena."

Mzee alinyanyuka, akawaita ndugu zake, wakaingia ndani na kufunga mlango. Tulibaki tumekaa. Upande wao ukawa unatutazama, upande wetu ukawa unatazama chini. Nilimwogopea Safari, uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Nilimkasirikia baba. Nilikuwa mtoto, na nilimwona amemuuza ndugu yake kwa maneno ambayo hakuna aliyemlazimisha kuyasema.

Na hapo, mbele ya macho ya wote, kwenye mguu wa kushoto wa Padiri, tone likaanza kujijenga. Lilikua polepole, likanenepa. Safari akachomoa leso yake na kuanza kuinuka. Baba akamshika kiwiko.

"Wacha. Nimeshasema."

Tone likateremka kwenye bomba, likang'ang'ania kidogo, likaanguka. Mtoto mmoja wa upande wao akapiga kelele kwa furaha, "Inakojoa!" na mama yake akamziba mdomo.

Mlango ukafunguliwa. Mzee alikuja mpaka kwa Padiri, akaliangalia lile tone chini, akaliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ule wa mbuzi," akasema, "aliniambia mbuzi imechoka na njia. Weye umesema ugonjwa ya kitu yako mbele ya bantu bote, na bibi munamutaka. Moto naikamata." Vigelegele vilianza, akavinyamazisha kwa mkono. "Bado. Munyama mugonjwa anakuya pamoja na dawa yake. Dawa ni weye, mwalimu. Kila itavuja, utakuya."

"Nitakuya, mukwe," baba akasema.

Tukarudi wote katika lori. Baba alikaa nyuma na akina mama, amejishikilia kwenye ubao, na mkono wake wa kulia ulikuwa unazungusha ule ubao kila lori lilipoongeza mwendo, kama anaiongezea moto mafuta. Nililia tena, na mara hii sikujificha.

Na Padiri alivuja kweli. Baada ya wiki chache ujumbe ulikuja, baba akaondoka Jumamosi na kichupa cha rangi ya kucha na ile chupa ya kunyonyea, akarudi Jumapili na mchele mpya na miwa begani. Mwezi uliofuata, tena. Mjomba Bahati, alipoelezwa vizuri na kuandikiwa neno, alileta juwe mpya mbili kutoka Bukavu, safi, katika karatasi zao. Baba alizipokea, akashukuru, akaziweka ndani ya kikombe juu ya kabati. Zilikaa mle miaka. Mzee alipomuuliza kama amezipata, baba yangu, aliyesema ukweli siku ule ukweli ulipokuwa wa kuogopwa, alikuwa anajibu bila haya, "Bado, mukwe. Bukavu bamekosa."

Likizo moja baba alinichukua nikamwone mama mdogo Zawadi, aliyekuwa amekwenda kujifungulia kwao. Tulilala Katogota. Asubuhi nilitoka nje kunawa, baba akiwa bado amelala, nikamkuta Mzee Sebastiano amemshika Padiri usukani kwa mikono miwili. Alikuwa anamkandamiza kwa nguvu zake zote, juu, chini, juu, chini, anasimama kupumua, anachungulia mguu wa mbele, anaanza tena. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Baba alipoamka aliitwa haraka, "Mukwe, kuya uone, imevuja tena!" na wale watu wawili walikaa chini kwenye kivuli cha nyumba siku nzima, wamezungukwa na vyuma, wakizungumza habari za mvua na za watoto wao. Kazi ile baba, aliyekuwa ameshaizoea, angeimaliza asubuhi moja.

Wote wawili hawapo sasa. Padiri mwenyewe alipotea miaka ile watu walipokuwa wanakimbia vita, na hakuna anayejua alibebwa na nani. Kasenga ya utoto wangu naitafuta siioni. Ziwa limepanda, na pale tulipoiba ndagala ni maji matupu.

Mwaka jana nilimwozesha mwanangu wa kwanza, na binti anatoka kulekule tambarare. Wakwe waliomba moto. Siku hizi kila mtu anaomba moto. Mwanangu alichagua kwenye simu, na muuzaji akaipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwao, mpya, bado imevaa nailoni yake. Maneno yote yalikwenda kwa simu pia, kwa sababu barabara siku ile haikuwa nzuri, na tangu hapo hatujapata sababu ya kufika. Mkwe wangu, baba wa binti, nimemwona mara moja, kwenye kioo cha simu, uso wake ukikwama na kuruka.

Mara nyingine Jumamosi ninampigia. Tunasalimiana, namuuliza watoto, namuuliza mpunga, halafu namuuliza moto.

"Iko muzuri sana, mama. Haina shida hata kidogo," ananijibu.

Nangoja kidogo, labda ataongeza kitu. Kisha namwambia asante, asalimie nyumbani, na simu inakatika.